Soli inabanduka kila ukiigundisha? Angalia kwanza soli yenyewe

Mkuu, umesema kiatu chako cha ngozi kimeachama mbele, umekipaka supa gluu na baada ya siku chache kinaachama tena. Hiyo gundi ndiyo tatizo. Supa gluu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na mbele ya kiatu ndipo panapojikunja kila unapopiga hatua, kwa hiyo lazima ipasuke. Viatu vya nyumbani kwangu navitengeneza mwenyewe, vya shule vya watoto vikiwemo, na kwenye soli siitumii kabisa.

Kabla hujanunua chochote, bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba pande zote. Kuna soli nyepesi za poliyurethani, utazikuta kwenye raba na buti nyingi za mtumba, ambazo joto na unyevu huzila kutoka ndani hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini. Unakinunua kinang'aa, ukitembea nacho kidogo soli inamomonyoka vipandevipande. Kwa sisi wa pwani ndiyo balaa zaidi. Ukiona inanata, inatoa ungaunga au ukucha unazama, usipoteze hela ya gundi. Kama ngozi ya juu ni nzima, mpelekee fundi akupigie soli nyingine.

Soli ikiwa imara, ondoa supa gluu yote. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha inailainisha, ila ichovye kidogo kwa pamba na iishie ndani ya mwachano, maana ikigusa ngozi ya nje inatoa rangi. Piga msasa juu na chini mpaka mng'ao uishe, futa vumbi.

Gundi inayofaa ni ile ya mafundi viatu, ya njanonjano, inauzwa kwenye kopo. Wengi wanaipaka na kubana hapohapo, ndiyo maana inawaangusha. Paka nyembamba pande zote mbili, acha wazi dakika 10 hadi 15, mpaka ukiigusa haishiki kidole. Ndipo ubandike, na ulenge vizuri, kwa sababu ikishashikana huwezi kuisogeza. Anzia ndani kabisa, pale mwachano unapoishia, uje mbele kwenye ncha ya kiatu, usifungie hewa ndani. Kisha ingiza kitu kigumu ndani ya kiatu na ugonge soli kwa nyundo. Gundi hii inataka mgandamizo wa nguvu kuliko kubanwa muda mrefu. Mimi namalizia kwa kuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, naacha mpaka kesho yake. Fanyia kazi hii nje. Harufu yake inalevya na inashika moto upesi, iwe mbali na jiko na watoto.

Viatu vya shule naongezea kushona, maana mtoto anachezea mpira navyo. Soli nyingi za raba zina mtaro ukingoni, uzi ukae humo usisagwe na lami. Tumia msharasi, ile sindano yenye mpini na kijino cha kuvutia uzi, pamoja na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Kama hakuna mtaro, chora mchirizi mwembamba kwa kisu kikali.

Tupia picha ya kiatu kwa ubavuni tuone kama chako kina mtaro.