Losheni ipi kwa ngozi inayopauka kiangazi?

Dada, kati ya ile ya bei nafuu yenye glisirini na ile ghali iliyoandikwa asidi ya hayaluroniki, mimi ningechukua ya glisirini. Geuza chupa usome nyuma: viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, ila vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kukaa kwa mpangilio wowote. Glisirini ikifuata maji moja kwa moja, basi imo ya kutosha. Asidi ya hayaluroniki hufanya kazi hata ikiwa kidogo, kwa hiyo kuwa mwishoni si kasoro. Bei tu ndiyo sioni sababu yake.

Lakini glisirini na asidi hiyo, zote mbili kazi yao ni kuvuta maji, si kuyazuia. Baridi kavu ya Lubumbashi mwezi wa saba huyanyonya mara moja. Angalia pia kama kuna cha kuyazuia yasitoke: petrolatumu, dimetikoni au siagi ya shea. Kama hakuna, ukitoka kuoga pakaa losheni ngozi ikiwa bado mbichi, kisha vazelini juu, hasa miguuni penye magaga.

Ukiona haidrokwinoni au zebaki, rudisha chupa, tafadhali. Hizo ni za kuchubua.