Nimekata kichaka chote nikapima, mbona uzalishaji umetoka mkubwa hivi?

Swali: Habari mtaalamu. Napima vichaka vya asili kwenye mteremko mlimani, vingine vinafika kifuani. Natumia fremu ya mita moja kwa moja, nakadiria kwa macho ardhi iliyofunikwa, halafu nakata kila kilichomo, nakausha, napima. Mimi na mwenzangu tunapishana sana kwenye asilimia, na uzito unatoka mkubwa ajabu. Tunakosea wapi?

Jibu: Salama ndugu, nianze na uzito maana hapo ndo kosa kubwa lilipo. Ukikata kichaka mpaka chini unachopima ni akiba ya miaka mingi, mashina ya zamani yote yamo humo, wakati uzalishaji wa mwaka ni kile kilichoota msimu huu tu. Shika tawi moja, lifuate kutoka nchani kurudi nyuma, mwanzoni gome ni laini, la kijani au jekundu kidogo, linapinda bila kuvunjika, ukiendelea unakutana na kijipete cha makovu membamba pale chipukizi lilipolala msimu uliopita, na baada ya hapo gome ni la kahawia na gumu. Kata kwenye hicho kipete. Mimea mingine haina, hasa ile inayoota mwaka mzima, hiyo funga uzi wa rangi kwenye ncha za matawi kadhaa kabla msimu haujaanza kisha urudi baadaye ukate kilichoota kupita uzi.

Kausha kwenye oveni nyuzi 60 hadi 65 kwa saa 48, pima, rudisha, pima tena mpaka uzito usishuke. Tumia mifuko ya karatasi tafadhali, kwenye nailoni majani yanatoa jasho na kuanza kuoza hata hujashuka mlima.

Na wala usikate kila kichaka, hii ni mimea ya asili na mlimani inachukua muda kurudi, inauma kuona kiwanja kimenyolewa kwa ajili ya data. Kata vichache vya kila aina, vikubwa kwa vidogo, ila kabla ya kukata pima kimo na upana wa kichwa chake pande mbili zinazokatana, hapo unapata mlinganyo wa kukadiria uzito wa vilivyobaki kwa vipimo hivyo bila kuvikata.

Kuhusu asilimia, fremu kwenye kichaka cha kifuani utailaza wapi? Ibakize kwa nyasi na mimea mifupi ya chini. Kwa vichaka vuta tepu ya mita 30, andika kila aina inapoanzia na inapoishia kwenye tepu, vipande vikifika mita 9.6 hiyo ni asilimia 32. Mkubaliane mapema pengo la ukubwa gani ndani ya kichaka mtalihesabu kuwa wazi, hapo ndo watu wawili hupishana. Jumla ya aina zote ikizidi 100 usishtuke, mimea inapandiana.

Halafu mteremko. Asilimia ya kwenye tepu haiharibiki sana, ila hekta za ramani zinahesabiwa kama ardhi tambarare, kwa hiyo kwenye mwinamo wa nyuzi 30 fremu yako uliyoilaza chini inachukua mita ya mraba 0.87 tu. Gawa uzito kwa 0.87 kwanza, ndo ugeuze: gramu 1 kwa mita ya mraba ni kilo 10 kwa hekta.