Kabla hujapakia viungo kwa jina la duka

Wadogo zangu mnaoanza kusindika viungo hapa Tanga, mjue kwanza kwamba pakiti ya mdalasini yenye jina la supamaketi haitengenezwi na supamaketi. Duka halina kinu wala kaushio. Linatafuta kiwanda, linakipa masharti, kiwanda kinasaga na kupakia kwa jina la duka. Mara nyingi kinu ni kile kile kinachosaga bidhaa za kiwanda chenyewe. Costco ya Marekani inauza hivyo tangu 1995 kwa nembo ya Kirkland Signature.

Kinachotofautisha mzigo na mzigo ni karatasi ya masharti: unga uwe laini kiasi gani, unyevu usizidi asilimia ngapi, pakiti iwe na gramu ngapi. Isome mstari kwa mstari kabla ya kutaja bei.

Mimi sikuisoma hivyo. Masika moja nilinunua pilipili manga kutoka milima ya Amani, nikaipima ukavu kwa kuiuma jino. Ikavunjika vizuri, nikaridhika, nikasaga. Wiki chache baadaye nikaitwa dukani. Mnunuzi wao akapasua pakiti mezani. Badala ya unga likadondoka donge, lina harufu ya kuvunda. Mzigo wote ukarudi, na nisingeweza kuupeleka kwingine kwa sababu kila mfuko ulikuwa na jina lao. Iliniuma sana, maana wakulima walikuwa wamefanya kazi nzuri.

Tangu hapo nina kipima unyevu, na pilipili ikizidi asilimia 12 hairuhusiwi kufika kwenye kinu. Kila mzigo ninaosaga naweka pakiti mbili kabatini, zenye namba na tarehe, mpaka muda wake uishe. Siku duka likilalamika, tunafungua ya kwangu na ya kwao pamoja.

Vibali: wazee watakuambia uende TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Tangu 2019 chakula kiko chini ya TBS, shirika la viwango. Mafunzo ya usindikaji, waoneni SIDO, shirika la viwanda vidogo.

Halafu mifuko, na hapa ndipo vijana wengi wanaumia. Mchapaji hachapi mia mbili, anataka maelfu. Duka likibadilisha nembo au likiacha kuagiza, mifuko hiyo inabaki kwako, na huruhusiwi kuitumia. Mkataba utaje nani analipa mifuko iliyobaki, na utiwe saini kabla mchapaji hajapewa hata shilingi ya kianzio.