Filamu mpya za Star Trek hazikuufuta mfululizo wa zamani

Wapo wanaodai kwamba filamu ya 2009 ya Star Trek, hadithi ya safari za anga za mbali, iliufuta mfululizo wa zamani wa televisheni. Hapana, haikufuta chochote. Mfululizo wa kwanza, vipindi 79 vya 1966 hadi 1969, uko palepale kwenye mkondo wake wa wakati. Katika filamu hiyo, adui aitwaye Nero anatoka mwaka 2387, anaibukia 2233 na kukishambulia chombo cha anga cha Kelvin; hapo ndipo mkondo wa pili unapochipuka. Baba wa shujaa mkuu, Kirk, anakufa humo siku ileile mtoto anayozaliwa, na ndiyo maana Kirk anayeigizwa na Chris Pine ana pupa kuliko yule wa William Shatner wa mfululizo wa zamani. Spock mzee, rafiki wa Kirk kutoka mkondo wa kwanza, akiigizwa na Leonard Nimoy yuleyule wa zamani, anamwambia Kirk huyu kijana waziwazi kwamba kule alikotoka baba huyo aliishi hadi kumwona mwanawe akiwa nahodha wa chombo cha Enterprise.

Inayolegea kweli ni ile ya 2013. Kirk anakufa kwa mnururisho, kiganja chake kwenye kioo, Spock upande wa pili. Ni kifo cha Spock cha filamu ya 1982, kimegeuzwa tu. Kile cha 1982 kilibebwa na urafiki wa miaka mingi. Hiki hakina akiba hiyo, halafu damu ya adui yao, Khan, inamfufua Kirk kabla hujamaliza kuhuzunika. Anza na kipindi cha 1967 kinachomleta Khan, Space Seed, kisha ya 1982, ndipo 2013, na utaliona pengo.

Ukitafuta roho ya zamani, nenda ya 2016: Spock amejeruhiwa, daktari wa chombo, McCoy, anamtibu huku wakibishana. Hao ndio wale wale wa mwanzo.