Maswali na majibu: Mfalme Ahazi, mtu wa dini asiyeamini

Ahazi mwana wa Yothamu alianza kutawala Yuda akiwa na miaka 20, akatawala miaka 16. Habari zake ziko 2 Wafalme 16, 2 Mambo ya Nyakati 28 na Isaya 7. Zisome zote tatu, kwa sababu kila mwandishi ana jambo ambalo wenzake hawakulisema.

Bwana asifiwe. Isaya alimwambia Ahazi aombe ishara, naye akajibu kwamba hatamjaribu Bwana. Si ndivyo Kumbukumbu la Torati 6:16 linavyoagiza? Kosa lake liko wapi? (Mzee wa kanisa, Mbeya)

Asifiwe milele, mzee wetu. Andiko ni sahihi, ila amelitumia pasipo mahali pake. Kumbukumbu 6:16 linakumbusha mambo ya Masa, ambako watu walimtaka Mungu awathibitishie kama yuko kati yao au hayuko. Kwa Ahazi, Mungu mwenyewe ndiye aliyesema: omba, iwe chini kuzimuni au juu sana. Aliyeambiwa aombe, akiomba anatii.

Tazama pale walipokutana. Isaya 7:3 inasema ni mwisho wa mfereji wa birika la juu, katika njia kuu ya uwanja wa dobi. Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli walikuwa wanakuja kumwondoa na kumweka mtu wao, mwana wa Tabeeli. Inaelekea Ahazi alikuwa anakagua maji, maana mji ukizingirwa kiu huua kabla ya njaa. Isaya hakumlaumu kwa hilo. Kukagua mfereji ni kazi ya mfalme. Alimwambia atulie, kwa kuwa wale wawili ni mikia ya vinga vinavyofuka moshi tu. Kisha akamwekea sharti: "Kama hamtaki kuamini, bila shaka hamtathibitika." Kwa Kiebrania, kuamini na kuthibitika hapo yanatoka katika shina moja, lile lile lililotupa neno "amina".

Sisi tunaona kwamba moyoni mwake Ahazi alikuwa ameshaamua kukimbilia Ashuru, taifa kubwa la wakati ule, limsaidie. Ishara ingemfungia njia hiyo, ndiyo maana aliikwepa kwa maneno matakatifu. Hili tunaliona hata kwenye kamati zetu, na linatuumiza: kikao kinafunguliwa kwa maombi ya kutafuta uongozi wa Mungu, kumbe malipo ya awali yameshatolewa. Kabla hamjaomba, andikeni mambo mawili: tumeshaahidi nini, na kwa nani? Ni jibu gani tukilipewa tutabadili mpango? Kama la pili halina cha kuandika, msiite kikao hicho cha maombi.

Yuda ilivamiwa. Kuomba msaada kwa taifa kubwa si siasa ya kawaida tu? (Mwalimu wa somo la dini, Kisumu)

Tukubali kwanza kwamba kwa macho ya kibinadamu mpango ulifaulu. Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru alikuja, Dameski, mji mkuu wa Shamu, ikaanguka mwaka 732 K.K., Resini akauawa. Ahazi angeweza kuwaonyesha washauri wake kwamba alikuwa na haki.

Lakini soma maneno aliyotuma katika 2 Wafalme 16:7: alijiita mtumwa na mwana wa mfalme wa Ashuru. Mfalme wa ukoo wa Daudi alikuwa ameshapewa Baba, katika ahadi ya 2 Samweli 7:14, na hapo anajitafutia mwingine. Zawadi aliyoambatanisha ni fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana na ya hazina ya mfalme. Kodi ya namna hiyo haikomi. Maandishi ya Tiglath-pileseri yanamtaja mfalme wa Yuda kati ya waliomlipa kodi, kwa jina lake kamili, Yehoahazi, maana yake Bwana ameshika. Naye mwandishi wa Mambo ya Nyakati anasema Tiglath-pileseri alimtaabisha wala hakumtia nguvu (28:20).

Mwaka 722 K.K. Samaria, mji mkuu wa Israeli, nayo ikaanguka, Yuda ikabaki uso kwa uso na Ashuru. Mwaka 701 K.K. jeshi la Ashuru likafika Yerusalemu, na mjumbe wake akasimama kutukana kando ya mfereji wa birika la juu, katika njia kuu ya uwanja wa dobi (2 Wafalme 18:17). Ni pale pale ambapo Ahazi aliambiwa asiogope. Mwalimu, waoneshe wanafunzi aya hizo mbili kwa pamoja.

Tunataka kubadili madhabahu ya kanisa letu. Ndugu mmoja ametuonya kwa habari ya Ahazi. Tuache? (Kamati ya ujenzi, Arusha)

Hapana, kubadili umbo peke yake si kosa la Ahazi. Sulemani alimleta Hiramu, fundi wa shaba kutoka Tiro, kufanya kazi ya hekalu. Ufundi wa kigeni haukuwa shida.

Fuateni hatua za Ahazi katika 2 Wafalme 16:10-18. Alikwenda Dameski kumlaki bwana wake mpya, akaona madhabahu huko, akatuma mfano wake kwa Uria kuhani. Madhabahu ya zamani, ile ya shaba, ambayo kwa 2 Mambo ya Nyakati 4:1 ilikuwa dhiraa 20 kwa 20, kimo dhiraa 10 (kama mita 9 kwa 9, kimo 4.5), ikasogezwa upande wa kaskazini. Hakuivunja, aliiacha iwe yake ya kuulizia shauri. Halafu ile bahari ya shaba, yaani birika kubwa la maji la hekalu, iliyobebwa na ng'ombe 12 wa shaba, ikashushwa ikawekwa juu ya sakafu ya mawe. Mwisho wa habari sababu inatajwa: kwa ajili ya mfalme wa Ashuru. Mwishowe akaifunga kabisa milango ya nyumba ya Bwana.

Basi jiulizeni: tunataka kumpendeza nani? Kitu gani kitasogezwa pembeni? Nani ana ruhusa ya kusema hapana? Hilo la mwisho ndilo zito. Uria alimaliza kujenga kabla mfalme hajarudi, wala hatusomi kwamba aliuliza swali lolote. Vizazi viwili nyuma, Uzia babu yake Ahazi alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani peke yao, Azaria kuhani alimfuata na makuhani 80 wakampinga usoni. Kwa hiyo kazi ya kuhani mbele ya mfalme ilikuwa inajulikana.

Ahazi alikufa na miaka 36, Hezekia mwanawe akaanza kutawala na 25. Alimzaa akiwa na miaka 11? (Msomaji, Mombasa)

Hesabu yako ni sawa kwa tarakimu zilivyo. Wataalamu wengi hueleza kwamba katika Yuda baba na mwana waliweza kutawala pamoja kwa muda, na miaka hiyo ikahesabiwa kwa njia tofauti.

Nimekabidhiwa idara ya kanisa iliyovurugwa na aliyenitangulia. Nianzie wapi? (Mama kiongozi, Dodoma)

Mama, chukua 2 Mambo ya Nyakati 29 na ufuate mpangilio wake. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza Hezekia alifungua milango na kuitengeneza. Kisha akawakusanya makuhani na Walawi, akasema baba zetu wamekosa. Hakumtaja Ahazi kwa jina. Uchafu ukatolewa hadi kijito cha Kidroni: siku 8 kufika ukumbini, siku 8 nyumba yenyewe, jumla 16. Ndipo wakampa mfalme taarifa: madhabahu tayari, meza tayari, na vyombo alivyovitupa Ahazi vimetengenezwa na kutakaswa. Nawe anza na orodha ya vitu vilivyopo na vilivyopotea, isomwe mbele ya watu.

Usiharakishe sherehe. Pasaka ilipaswa kuwa mwezi wa kwanza, lakini makuhani waliojitakasa hawakutosha, ikasogezwa hadi mwezi wa pili.