Kabla ya kununua rangi ya neva, jua unauliza nini
Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nataka kuchora ramani ya seli za neva. Ninunue rangi ipi?" Yuko mwaka wa kwanza wa uzamili, na hamu yake naielewa vizuri sana.

Mdogo wangu, anza na swali. Unatafuta taarifa zinakotoka au zinakokwenda? Rangi iitwayo Fluoro-Gold huingia kwenye ncha za aksoni, yaani nyuzi ndefu zinazopeleka ishara kutoka kwenye seli, na kubebwa kinyumenyume hadi kwenye mwili wa seli. Rangi nyingine, BDA yenye uzito wa molekuli wa daltoni 10,000, hupendelea kwenda mbele, kutoka mwili wa seli hadi ncha za aksoni. Tishu ikishakaa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, usafirishaji huo umekufa. Hapo tumia DiI, rangi ya mafuta inayosambaa taratibu ndani ya utando wenyewe wa seli. Usiiguse kwa Triton, maana sabuni hiyo huyeyusha utando na rangi ikaondoka nao.

Mimi nilidunga Fluoro-Gold kwenye thalamasi ya panya, kituo cha kupokeza ishara kilicho ndani ya ubongo. Nilipowasha taa ya urujuanimno, seli za tabaka la 6 la gamba la ubongo ziling'aa rangi ya dhahabu, zimejipanga safu, nyingine zikionyesha hadi mashina ya dendraiti, matawi yanayopokea ishara. Nikapeleka picha kikaoni. Mkubwa mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba aksoni za seli hizo zilikuwa zikipita tu hapo bila kuishia, nimezijeruhi kwa sindano zikafyonza rangi. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu aksoni zilizojeruhiwa hufyonza kweli. Lakini alivyocheka! Mpaka leo inaniuma.

Sikubishana. Nilidunga BDA kwenye gamba lilelile, nikazifuata aksoni zikishuka mpaka ndani ya thalamasi, zikatawanyika na kutoa vinundu pale zinapokabidhi ishara. Mwezi uliopita makala yetu imekubaliwa, na picha hiyo ndiyo ya kwanza.

Kwa hiyo thibitisheni njia kwa pande zote mbili. Na dungeni kidogo, jamani! Mwaka 1873 mtafiti Mwitaliano Golgi alitumia dikromati ya potasiamu na nitrati ya fedha, zikashika rangi seli chache tu. Uchache huo ndio uliomwezesha Mhispania Cajal kufuata seli moja baada ya nyingine, na mwaka 1906 wakagawana Nobel. Tone la rangi likimwagikia kiini cha jirani, yaani kundi jingine la seli za neva, hakuna darubini itakayokuokoa. Piga picha ya mahali ulipodunga kwa kila mnyama, na asiyekuwa na picha hiyo mwondoe kwenye hesabu, hata kama seli zake ndizo nzuri kuliko zote.