Kuipamba nyumba inayouzwa msimu wa Krismasi

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuipamba nyumba yenu ya Kira, hapa Uganda karibu na Kampala, kwa ajili ya Krismasi ilhali madalali wanaendelea kuleta wanunuzi, au ni heri muiache bila mapambo mpaka Januari. Ushauri wangu ni kwamba muipambe, lakini kwa kiasi, na kila pambo liwe na kazi ya kuonyesha uzuri ambao nyumba tayari inao. Nayasema haya kwa kuwa nyumba yetu ya Namugongo tuliiuza mwezi wa Desemba, na baadaye nikamsaidia shemeji yangu kuiandaa ya kwake huko Mukono.

Wengi hudhani Desemba ni mwezi mbaya wa kuuza kwa sababu wakazi wa Kampala huenda vijijini na mji hubaki mtupu. Husahau kwamba huo ndio mwezi ambao ndugu zetu wa kyeyo, yaani wanaofanya kazi ughaibuni, hurudi likizo, wakiwa na akiba mkononi na hamu ya kuiona nyumba kwa macho yao wenyewe kabla ya kupanda ndege tena. Mnunuzi wa aina hiyo huzungushwa na dalali siku nzima, hukwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, na mara nyingi hufika kwako jua likikaribia kuzama. Basi fikirini kwanza nyumba yenu inaonekanaje saa hiyo.

Kabla ya kununua hata taa moja, pigeni picha za tangazo. Nyumba isipouzwa upesi, picha yenye mti wa Krismasi sebuleni itamwambia kila atakayeiona mwezi wa Machi kwamba nyumba hiyo imekaa sokoni muda mrefu, naye ataanza kukata bei kabla hajaingia langoni.

Kisha shughulikieni nje, na hapa ndipo ningetumia fedha nyingi kuliko ndani. Mvua za Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba hurusha udongo mwekundu kwenye kuta, ukaacha mkanda wa rangi ya kutu unaofika karibu na magoti. Hakuna pambo linaloweza kuuficha mkanda huo. Sugueni kwa brashi na maji ya sabuni, mwache ukuta ukauke vizuri, kisha pakeni sehemu ya chini rangi iliyokoza, kama kijivu au kahawia, ambayo haitaonyesha matone mvua ikirudi. Mkiwa hapo nje, banduweni pia mabango ya wagombea, kama ni mwaka wa kampeni, kwa maana uchaguzi wetu mkuu wa kila miaka mitano hufanyika Januari na Desemba inayotangulia huwa ya kampeni, na hamjui mnunuzi wenu anaunga mkono upande gani.

Kuhusu taa za nje, chagueni zenye mwanga wa manjano uliotulia, zisizowakawaka, na mzizungushe kwenye nguzo za baraza au kando ya njia ya kuingilia peke yake. Tulipowasha taa kali nyeupe kule Namugongo, asubuhi tulikuta baraza limejaa mbawa za kumbikumbi, na senene wa mwisho wa msimu wamepondwa kwenye vigae hadi wakaacha madoa ya kijani. Watoto walifurahia senene, mama watoto hakufurahia kupiga deki kabla ya wageni. Hakikisheni pia kwamba mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti za kutosha, kwani umeme ukikatika mnunuzi akiwa chumba cha pili, huanza kuuliza maswali ambayo hakuwa nayo.

Ndani, mti mmoja unatosha, tena usiwe mkubwa. Tawi la msunobari linalouzwa kando ya barabara hupendeza na kunukia vizuri, ila likikosa maji hudondosha majani yake sakafuni, kwa hiyo lisimamisheni kwenye ndoo yenye mawe na maji, mkaifunika ndoo kwa kitambaa kisafi. Liwekeni kwenye kona isiyozuia dirisha wala njia ya kwenda chumba cha kulia, kwa sababu mnunuzi akilazimika kupita ubavu ataiona sebule kuwa finyu. Mapambo ya kuning'iniza yafungeni kwa uzi kwenye vyuma vya madirisha. Karatasi ya gundi ikibanduliwa huondoka na rangi, na mtabaki na makovu ukutani wakati hamna muda wa kupaka upya. Doa la maji kwenye dari msilifiche kwa pambo, lirekebisheni kuanzia bati lililovuja. Nimemwona mnunuzi akisogeza riboni kwa kidole ili aone kilichoko nyuma yake, na baada ya hapo hakuamini tena kitu chochote alichoambiwa.

Wanunuzi wengine ni Waislamu, na wengine ni Walokole wasiopenda mbwembwe, hivyo maua, vitambaa safi na taa chache vitawafaa wote kuliko sanamu na mabango ya salamu. Mbuzi wa sikukuu na kuku wafungeni nyuma ya nyumba, mbali na njia ya mgeni, na mahali walipofungwa pafagiliwe kila asubuhi.

Jambo moja lisilo la mapambo lakini linalohusu msimu huu: wekeni nakala ya hati ya ardhi karibu, na mhakikishe mwenzi wa ndoa yupo au amekwisha kutia saini kabla ya safari ya kijijini, kwa kuwa Sheria ya Ardhi hudai ridhaa yake iwapo familia inaishi kwenye ardhi hiyo.

Mapambo yaondoeni yote wiki ya kwanza ya Januari, hata kama watoto watalalamika. Kuanzia hapo wazazi wengi huwaza ada za muhula wa Februari, wanunuzi hupungua, na wale wachache watakaokuja wataitazama nyumba mchana kweupe.